Najisi si kisingizio: Mbwa naye ana ngozi

Baadhi ya wasomaji wangu watashangaa. Kalamu hii ambayo wameizoea katika mambo ya vina na mizani, na katika mabishano ya lugha sanifu na lahaja zetu, leo imemgeukia mbwa. Wako watakaosema, "Huyu mtu wa Mombasa, mtoto wa chuoni, amepatwa na nini?" Nawaomba wanisubiri hadi mwisho, kisha wanihukumu. Jambo lenyewe ni dogo kwa mwenye kulitazama kwa mbali, lakini limenikaa kifuani muda mrefu, na sasa nimeona heri nilitoe.

Nasema hivi. Sisi watu wa pwani tunaofuga mbwa kwa ajili ya ulinzi tunaiacha ngozi ya mnyama huyu iharibike, na tukiulizwa tunajikinga kwa neno moja tu: najisi. Twasema hatuwezi kumwosha. Nami najibu kwamba wala hana haja ya kuoshwa kila mara. Anahitaji burashi, kitambaa, mahali pakavu pa kulala, chakula cha maana na jicho la mwenyewe. Hayo yote yawezekana bila ya kumtosa majini, na bila ya mtu kujitia katika taabu ya twahara.

Tuliyofunzwa chuoni

Nimesoma chuoni Mji wa Kale, katika chumba kilichojaa watoto na mikeka, na maalim wetu alikuwa na bakora fupi na subira ndefu. Tulipofika kwenye Safina, tulihifadhi mlango wa najisi kama tulivyohifadhi majina yetu. Najisi nzito ni ya mbwa na nguruwe, na mahali ilipogusa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na hivyo ndivyo tulivyo hadi leo. Ndugu zetu wa Maliki wana rai nyingine juu ya mbwa, lakini simo katika kubadilisha madhehebu ya mtu gazetini.

Neno langu ni kuwa sisi watoto tulitoka chuoni na somo moja, tukaliongezea letu. Tuliporudi nyumbani mchana, mbwa yeyote tuliyemkuta kichochoroni tulimpiga mawe. Nilikuwa hodari wa kulenga shabaha, na sijivunii. Katika Safina yote hapana mahali panaposema mbwa apigwe mawe. Hilo tulijitungia wenyewe, na watu wazima waliokaa barazani walicheka wakatuacha.

Baadaye, nilipokua nikahudhuria darasa za msikitini, nilisikia habari za mtu aliyekuwa na kiu safarini, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akateremka tena, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mola akamsamehe dhambi zake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, wala si ya kuokota njiani. Nilijifunza pia kuwa wale vijana wa Pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni, na kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Basi aliyeruhusiwa kufugwa ana haki kwa mfugaji wake. Hilo sikuliwaza hata mara moja, mpaka siku nilipopata mbwa wangu mwenyewe.

Watasema

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kishamba upande wa Kilifi, nikaweka mbuzi. Muda si muda mbuzi wakaanza kupungua usiku. Mzee wa Kigiriama anayenitunzia shamba akaniambia, "Bwana, hapa pataka mbwa." Nikasitasita, kisha nikakubali. Akaleta mbwa mwekundu mwenye masikio makubwa, akampa jina Watasema. Nilipomwuliza kwa nini, akacheka: "Si watasema kuwa mshairi wa Mombasa anafuga mbwa?" Na kweli walisema. Lakini mbuzi hawakupotea tena.

Nilimpenda kwa mbali. Alipewa ugali na maji, nami nilimsalimu kwa kumpungia mkono. Mwaka wa pili akaanza kujikuna. Manyoya yakamtoka kiunoni na masikioni, ngozi ikawa nyekundu, kisha ikatoa harufu. Nami nikafanya wafanyavyo wengi. Nilikwenda katika duka moja la pembejeo, muuzaji akanipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akasema, "Mmwagie tu hii, kupe wote watakwisha." Nikampa mzee, nikamwambia amsugue kwanza kwa sabuni ya unga ile ya kufulia. Mimi nilisimama mbali, nimekunja kanzu yangu isiguswe na tone.

Dawa haikupimwa sawasawa. Siku ya pili ngozi ya Watasema ilikuwa imeungua na kubabuka. Alilala chini ya mwembe akitetemeka. Na yule paka wetu wa shambani, mweupe mwenye mabaka, aliyezoea kulala ubavuni mwake usiku, tulimkuta akitetemeka zaidi, akitokwa na mate, na kabla ya alasiri amekufa.

Nilimzika paka kwa mikono yangu. Rafiki yangu mmoja tunayeswali naye akaniambia, "Na huyo mbwa mmalize vilevile, umpumzishe. Mbwa ni mbwa." Nakiri kuwa neno hilo lilinifikia. Lakini nilipomtazama yule mnyama chini ya mwembe, ambaye usiku ule ule alikuwa amejikokota kuwabwekea watu uani, niliona haya. Nikamwita daktari wa mifugo.

Alinieleza mambo mawili ambayo nataka kila mfugaji ayajue. La kwanza, kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa, na dawa ambayo mbwa huistahimili huweza kumuua paka. Dawa za ukoo wa permethrin ni sumu kali kwa paka, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja sumu hiyo kama mwili wa mbwa. Nyumba zetu za pwani zimejaa paka, kwa hivyo jambo hili ni letu sote. La pili, alisema, "Huyu mbwa hakuharibika kwa kukosa bafu. Ameharibika kwa kukosa mtu wa kumtazama."

Ngozi ya mbwa si ngozi yetu

Binadamu hutoka jasho mwili mzima, ndiyo maana tunanuka tusipooga. Mbwa si hivyo. Jasho lake hutoka hasa katika nyayo, na joto hulipunguza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Ngozi yake hutoa mafuta ambayo hupanda kwenye manyoya, yakayalainisha na kuikinga ngozi na unyevu na vijidudu. Tabaka la juu la ngozi hiyo ni jembamba kuliko letu. Ngozi yetu sisi ina uchachu kidogo, na ya mbwa haina uchachu huo kwa kiasi kile. Ndiyo sababu sabuni ya mtu haimfai, licha ya sabuni ya mche au ya unga. Ukimsugua kila wiki kwa sabuni hizo unamvua mafuta yake, ngozi inakauka, inatoa mba, inawasha, mbwa anajikuna na kujing'ata, jeraha linafunguka, vijidudu vinaingia. Kisha mwenyewe anasema, "Namwosha kila wiki na bado anaugua." Bila shaka ni kule kumwosha kunakomwuguza.

Dawa ya kwanza, basi, ni burashi. Burashi ya nguo iliyochakaa yatosha kwa mbwa wetu hawa wenye manyoya mafupi, au hata kipande cha taulo gumu. Unaanza shingoni unakwenda mkiani, ukifuata manyoya yanavyolala, dakika kumi tu, mara mbili au tatu kwa wiki. Vumbi linatoka, manyoya yaliyokufa yanatoka, mba unatoka, na yale mafuta ya asili yanatandazwa mwili mzima. Kazi hiyo hakuna sabuni iwezayo kuifanya.

Na hapa ndipo mafunzo ya chuoni yanapotufaa. Wanazuoni wetu wanasema kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Mbwa mkavu, mkono mkavu, burashi kavu: hapana la kuosha mara saba. Tuliogopa mbwa aliyeroweshwa, na tulikuwa na haki ya kumwogopa kwa nguo zetu za swala, lakini ni sisi wenyewe tuliomrowesha! Anayetaka hadhari zaidi avae glavu za mpira, aweke nguo moja ya kazi hiyo, na burashi yake aitundike mbali na vyombo vya nyumbani. Akilambwa, udongo upo na maji yapo. Maalim wetu alitufunza namna ya kujitwahirisha ili tuweze kuishi na vitu, hakutufunza tuvikimbie.

Jicho na kitambaa

Burashi ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: inakulazimisha kutazama. Ukiwa karibu na mbwa dakika kumi utaona kupe ndani ya sikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya shingo na kwenye mapaja. Kupe shikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa taratibu kwa kunyooka, kisha akatiwa katika spiriti. Asipasuliwe kwa kucha, wala asichomwe kwa sigara, wala asimwagiwe mafuta ya taa. Kupe hawa humletea mbwa homa zinazokula damu yake, na watu wengi hudhani mbwa amelogwa au amepewa sumu.

Tena tujue kuwa kupe wa mbwa haishi juu ya mbwa tu. Jike likishiba hushuka, likaingia katika ufa wa ukuta au chini ya gunia, likataga mayai kwa maelfu. Viroboto nao ni hivyo hivyo. Wale unaowaona mwilini ni sehemu ndogo, na wengi wao, mayai na mabuu, wamo katika malazi na mchangani. Hivyo unaweza kumwogesha mbwa asubuhi na jioni, na usiku akarudi kulala katika kitalu cha viroboto. Afadhali maji hayo ungeyatumia kufulia gunia lake, ukalianika jua kali, na kibanda ukakifagia kila siku. Usafi wa kibanda wasaidia jambo jingine pia. Huku kwetu kuna inzi anayetaga mayai katika mchanga wenye mkojo na kinyesi, funza wake wakaingia ngozini mwa mbwa wakatoa vijipu. Hata nguo zetu zilizoanikwa zikiwa hazijakauka vizuri hutagiwa, ndiyo maana mama zetu walisisitiza zipigwe pasi.

Kitambaa kina kazi yake. Mbwa akikanyaga tope, kitie maji safi ukikamue, umpanguse miguu na tumbo, kisha umkaushe kwa kitambaa kingine, hasa katikati ya vidole, maana unyevu ukikaa hapo huzaa fangasi. Kwa kazi hii glavu ni lazima. Kikombe kimoja cha maji chatosha, na msomaji wa Mombasa anajua kikombe cha maji kina thamani gani siku mifereji inapokauka na mkokoteni wa mitungi unapopita kwa bei yake.

Nina neno pia kwa wale wanaowapeleka mbwa baharini wakiamini maji ya chumvi ni tiba ya upele. Chumvi ikikaukia ngozini huikausha, na mbwa akijilamba huimeza. Akiogelea kwa furaha yake, asuuzwe kwa maji baridi na akaushwe. Na wale wanaopaka mafuta ya taa, dizeli au oili chafu ya gari waache kabisa. Vitu hivyo huunguza ngozi, na mbwa hulamba kila unachompaka. Mafuta ya taa kwenye ngozi ni mafuta ya taa tumboni. Majivu nayo yakipata unyevu huwa makali. Kuhusu mwarobaini, simdharau mzee wetu huyo aliyepandwa kila uwanja, lakini maji ya majani yake hayachukui nafasi ya daktari.

Chakula nacho ni sehemu ya ngozi. Manyoya hujengwa kwa protini, na ngozi yataka mafuta mazuri. Watasema alikuwa akila ugali mtupu mwaka mzima, nami nikishangaa mbona hana ng'aa. Siku hizi anapata vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miba, na dagaa. Manyoya yake yamerudi, na yanang'aa kama kitu kilichopakwa.

Penye haki ya maji

Sisemi mbwa asiogeshwe maisha yake yote. Akigaragara katika mzoga ataoshwa, na atakayemwosha asiwe na kinyongo. Akiwa na upele wa kweli, ule wa wadudu wanaochimba ngozini, daktari huweza kuamuru aogeshwe kwa dawa maalumu, na amri hiyo ifuatwe kwa kipimo chake. Upele wa namna hiyo huweza hata kumwasha mtu anayemgusa, hivyo si wa kuchelewesha. Ukiona manyoya yanatoka kwa mabaka, ngozi inatoa usaha au harufu, masikio yananuka, au mbwa hapati usingizi kwa kujikuna, acha burashi utafute daktari. Na kabla ya kumzoea mbwa yeyote kwa mkono, hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa.

Najua jawabu litakalorudi kwa meza ya mhariri. "Watu hawana maji, karo za shule zimewashinda, nawe waandika burashi ya mbwa?" Swali ni la haki, nami nalijibu kwa adabu. Burashi kuukuu haina gharama. Kufagia kibanda hakuna gharama. Kinachogharimu ni chupa za dawa tunazomwaga ovyo, na mbwa wapya tunaoleta baada ya kuwaua wa kwanza. Tena simwambii asiyefuga mbwa afuge, wala simwambii mtu amlaze mbwa sebuleni. Mbwa wangu analala nje, na mimi nikitoka kwake nabadili nguo kabla ya kwenda msikitini. Ninayemwambia ni yule aliyemfunga mbwa langoni kwake ili yeye alale salama.

Jioni moja hivi karibuni nilikuwa shambani, nimevaa shuka kuukuu, nampiga burashi Watasema chini ya ule mwembe. Yule rafiki yangu wa "mbwa ni mbwa" akatokea kunizuru. Akasimama mbali, akatazama kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, maana naye ana mbwa langoni pake Kisauni, "Hivi hiyo burashi waipitisha namna gani?" Nikamwonyesha. Hakumgusa, lakini aliuliza mara mbili. Kwangu hiyo ilitosha.

Nami kwa kuwa sikuzoea kuondoka bila ya ubeti, namwachia yeye na wenziwe huu:

Mbwa wa kulinda zizi, si wa kuachwa aoze,
Kwa burashi na ujuzi, ngozi usiipuuze,
Kavu kwa kavu si kazi, wala isikuchukize,
Amana yake Mwenyezi, dhima tuitekeleze.